Mzani wa Wageni

Nasikia siku hizi mnapewa na fulana. Ya kijani, ina maandishi mgongoni. Sisi tulipoanza tulipewa begi na maneno ya kutia moyo. Zipu ya begi ilikufa mapema, maneno yakadumu kidogo.

Haya, tulieni. Mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi naongea tu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema. Akinichomekea Kiswahili cha darasani nitajua, maana lazima anisomee, na masikio yangu bado mazima. Magoti ndiyo yamestaafu. Mengine yote yapo kazini.

Nyie mnaanza kazi ya kufuata wagonjwa majumbani, na mmeshafundishwa, mna na cheti. Mimi sina cheti, nina hadithi. Zamani mgonjwa akiruhusiwa hospitali ndo basi. Mnaonana tena siku anarudi amebebwa, au hamwonani. Sasa anaondoka na mashine zake. Ya presha ya kufunga mkononi, klipu ya kubana kidole inayosema hewa mwilini iko ngapi, na kwa wale wa moyo, mzani wa kusimama. Na kuna kisanduku kidogo kina laini ya simu ndani. Mgonjwa akijipima, kisanduku kinalia "ti", namba inaruka mpaka Karatu, kwenye kompyuta ya Sista Neema. Sista yuko pale na chai yake, anaona moyo wa mtu wa huku kwetu Rhotia.

Na mimi nilikuwa hapo katikati. Nazunguka nyumba kwa nyumba kuangalia kama namba na mtu vinafanana. Mkishika hilo, mengine mtajifunza njiani.

Siku ya kuchukuliwa kazi, daktari mmoja kijana, anaongea kama ana pipi mdomoni, akaniuliza: "Mama, elimu yako ni ya kiwango gani?" Nikamwambia nimefika mpaka mlangoni pa darasa, nilikuwa napeleka maziwa ya mwalimu. Wenzake wakacheka. Akaniuliza, "Sasa namba unazijua?" Nikamwambia namba nimezijulia kanisani. Pale mbele kuna ubao wa nyimbo. Usipojua namba unaimba wimbo wa Jumapili iliyopita wenzako wako kwenye wa leo, na mimi sauti yangu ni kubwa, nikikosea kanisa zima linageuka. Ikabidi nijifunze. Mpaka leo presha naisoma kama nyimbo. Mia na ishirini, huo wa kuingilia, kila mtu anaupenda. Mia na sitini, watu wanaanza kutazamana. Mia na tisini, huo wa kubebea jeneza, acha kila kitu piga simu.

Lakini hawakunichukua kwa nyimbo. Walinichukua kwa sababu hakuna mlango wa Rhotia usionifungukia. Nimelia kwenye misiba yao, nimecheza kwenye harusi zao, wengine nimewapalilia mahindi. Na wote nawaigiza sauti. Wanajua. Wananiogopa kidogo kwa hilo, na wananipa chai.

Sista Neema mtamkuta bado yupo. Mtoto wa Kilimanjaro, wa Rombo, mdogo hivi, mkali hivi. Akipiga simu hivi ndivyo anavyoongea: "Bibi Paskalina shikamoo hujambo sikia mgonjwa wa juu kule presha imepanda amekula nini amelala dawa anayo haya niambie!" Hajapumua hata mara moja. Na mimi namjibu kwa sauti ile ile: "Sista Neema marahaba sijambo hajala amelala dawa anayo kaiweka juu ya kabati kabati refu yeye mfupi haya nimekuambia!" Anacheka mpaka anasahau alichokasirikia. "Bibi wewe utanifukuzisha kazi."

Siku moja akaniuliza mgonjwa anahema vipi. Sasa maneno ya kuhema mimi nitayatoa wapi? Nikamfanyia. Nikahema kwenye simu kama yule mama alivyokuwa anahema, na kale kafilimbi mwishoni. Neema akapiga kelele, "Mwambie akae! Asiongee! Nani kampa simu?" Nikamwambia, "Ni mimi." "Ni wewe?" "Ni mimi, mgonjwa yuko hapa anakunywa uji." Akasema: "Yesu wangu. Bibi, nilishasimama." Baadaye akazoea, akawa ananiomba mwenyewe. "Hebu nifanyie anavyokohoa." Namfanyia. "Na usiku?" Namfanyia na ya usiku. Mashine ya kukohoa hawajaleta bado, kwa hiyo jifunzeni.

Sasa sikilizeni haya madogo madogo, maana ndiyo yanayoua jina la mtu.

Asubuhi ya huku kwetu ina baridi. Kidole kikiwa cha baridi ile klipu haioni kitu, inatafuta tafuta halafu inakudanganya. Mpe mgonjwa kikombe cha chai akishike kwanza, akinywe taratibu, na wewe wakikupa kunywa. Ndiyo sababu kazi yetu haiwezi kufanywa na mtu asiyependa chai.

Presha usifunge juu ya sweta. Wazee wetu wana sweta, juu ya sweta koti, juu ya koti shuka. Kufika kwenye mkono ni safari. Fika. Na akajisaidie haja ndogo kwanza, mwenye kibofu kimejaa presha yake inapanda. Na anyamaze wakati mashine inabana. Hapo ndipo pagumu. Mtu wa Rhotia umekwenda kumtembelea, umekaa mbele yake, halafu unamwambia asiongee! Anakuona umemnunia. Mimi nilikuwa naongea peke yangu, naigiza mwenyekiti wa kijiji akihutubia, mgonjwa anabana kicheko, nasubiri kiishe ndipo nafunga.

Na hina. Kuna mama mmoja wa Mang'ola, kule kwenye vitunguu, alitoka hospitali kifua kimepona. Siku moja klipu ikapeleka namba mbaya kabisa, kwamba huyu mtu hewa imemwishia. Neema akatuma gari. Gari kufika, mgonjwa yuko shambani anawafokea vibarua, sauti inafika mpaka barabarani. Alipakwa hina za harusi ya mdogo wake, mpaka kwenye kucha, na klipu inachungulia kupitia kwenye kucha. Imekuta ukuta mweusi. Dereva akarudi na gunia la vitunguu na hana mgonjwa.

Ya Piyaya, kule Umasaini, ndiyo naipenda zaidi. Nilichukuliwa na gari ya hospitali twende tukamwone koko mmoja, ndivyo Wamasai wanavyomwita bibi. Koko alikuwa mgonjwa wa mapafu, kapewa klipu. Kila siku namba zinakuja, na ni namba za simba. Neema akasema huyu amepona, lakini mbona amepona sana? Tukafika kwenye boma, koko amekaa nje kwenye ngozi yake, anahema kwa shida. Nikamwambia mwanawe, moran mrefu, "Nionyeshe mnavyompima." Akachukua klipu na kisanduku, akaanza kupanda kilima. Nikamwambia, "Wewe, unakwenda wapi? Koko yuko hapa." Akanijibu taratibu, kama anamfundisha mtoto, "Yeyo," yaani mama, "mtandao uko juu. Koko hawezi kupanda. Mimi napanda." Akafika juu, akaweka kidole chake, "ti", akashuka. Kazi imekwisha. Na koko ananitazama anafurahi, anasema kwa Kimasai, na kijana ananitafsiria: "Anasema ana mtoto mzuri, anaumwa kwa ajili yake."

Kumbe kile kisanduku kinaweka kumbukumbu. Unampima koko chini, halafu kisanduku kipande chenyewe kilimani na namba yake. Hakuna aliyewaambia. Tuliwaambia siku ile, dawa ikabadilishwa, na koko akaja kuwa mzima wa kweli, akanipa na shanga. Mtoto alibaki na kazi ya kupanda.

Nimewaambia hiyo ili mkifika kwa mzee Tluway msiseme watu wa Rhotia ni wa ajabu. Kila mahali kuna namna yake ya kukosea.

Mzee Tluway ana shamba hapo juu ya Rhotia, mahindi na maharage. Mrefu, ameinama kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Anaongea polepole hivi… halafu ananyamaza… wewe unadhani amemaliza… halafu anamalizia. Mke wake Mama Safari ndiye anayeongea kwa niaba ya wote wawili. Mwana wao Safari ni mpishi wa kambi huko Ngorongoro, anakuja mara moja moja.

Moyo wa mzee umechoka. Moyo ukichoka maji yanakaa mwilini, yanashuka miguuni, yakijaa yanapanda kifuani, na mtu anazama akiwa amekaa kwenye kiti chake. Alilazwa hivyo, wakamtoa maji kwa dawa, akarudi nyumbani na mzani. Neema akanikalisha chini akaniambia pole pole, na Neema akiongea pole pole ujue kuna jambo: "Bibi, huyu mzee akiongezeka kilo mbili ghafla, siyo nyama hiyo. Ni maji. Nisipojua mapema hatumpati tena."

Basi. Mzee ni kilo sitini na moja. Kila asubuhi anaamka, anakojoa, anapanda mzani na nguo zile zile, "ti". Tukakaa kwa raha.

Halafu simu. "Bibi Paskalina shikamoo sikia! Mzee Tluway asubuhi kilo sitini na moja saa nne kilo tisini na mbili mchana hamsini jioni kumi na tisa! Bibi! Kumi na tisa!"

Nikasema mzee amekufa mara ngapi? Nikafunga kilemba nikaenda.

Nikakuta sebule imejaa. Majirani, wanakwaya, mzee Sulle wa ng'ambo ya korongo ambaye ni rafiki yake wa tangu utoto, na mwenyekiti wa kitongoji ameinama anavua viatu. Katikati ya sebule, mzani. Umewekewa na kitambaa cha kufuma chini yake.

Mzee akaniona akafurahi. "Aayo, karibu…" Aayo kwetu ni mama. "Karibu… panda na wewe."

"Nipande wapi?"

"Hapo. Wote wamepanda."

Nikamwambia, "Baba, huu mzani ni wako wewe. Hospitali kule wanaona namba wanadhani ni wewe. Leo umekuwa kilo tisini na mbili!"

Mama mmoja wa kwaya akasogeza uso pembeni.

Mzee akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye adabu mbaya. "Sasa mgeni amekuja kuniona… amekaa… na mimi napanda kitu changu peke yangu, yeye ananitazama, nashuka, basi? Ni kama kula mbele ya mtu hujamkaribisha."

Na wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, kweli kabisa. Hata mimi kichwa kilishaanza kuitikia nikakizuia.

"Haya," nikasema, "na hii kumi na tisa ni mgeni gani?"

Mama Safari akasema, "Ni maharage."

Mzee Sulle akasema, "Hapana mama, ni mbuzi. Maharage ilikuwa ni ile hamsini."

Mngefanya nini? Nikawafokea. Nikafoka kwa sauti ya Sista Neema, hata mkono kiunoni, kwamba kuanzia leo asiye mzee Tluway asiguse hii mashine, si mtu, si mbuzi, si gunia! Wakacheka maana naigiza vizuri, lakini waliposhuka kwenda kwao walikuwa hawacheki. Mwenyekiti alivaa viatu vyake bila kufunga kamba.

Namba zikatulia. Sitini na moja, sitini na moja, Neema ananisifia kwenye simu. Na mimi nikajisifia.

Mnajua kijiji. Hakuna aliyegombana na mtu. Watu tu wakawa na kazi. Huyu anapalilia, huyu ana mazoezi ya kwaya. Kisimani nikasikia mama mmoja akisema, "Kwa Tluway siku hizi ukienda unatazama tu." Mwenzake akasema, "Wamepata kitu cha Wazungu." Mzee Sulle mwenyewe, ambaye alikuwa anavuka korongo kila siku na fimbo yake, akawa anapungia mkono kutoka ng'ambo.

Halafu Neema akapiga simu, pole pole. "Bibi, mzee Tluway hajapima jana. Na juzi pia. Mashine imeharibika?"

Nikakuta mzee amekaa nje kwenye kiti, peke yake, anatazama barabara ya lami kule chini magari ya watalii yanavyopita kwenda getini Ngorongoro. Mzani uko juu ya pipa la maji, na kuku amekaa juu yake ametulia kabisa. Kuku mmoja alikuwa anapimwa vizuri kuliko mzee.

"Baba, shikamoo. Mzani vipi?"

"Uko pale."

"Mbona hupimi?"

Akanyamaza… nikasubiri… "Nikipima… nani ataniuliza?"

"Sista Neema anakuuliza!"

"Neema simjui. Hajawahi kukaa kwangu." Akanyoosha fimbo kuelekea korongoni. "Sulle namjua. Haji. Hii mashine imenifukuzia watu, aayo. Peleka kwa mgonjwa mwingine."

Nikapiga magoti, wakati huo yalikuwa bado yanapiga, nikamshika mguu. Umejaa, ngozi inang'aa. Nikabonyeza kwa dole gumba, nikatoa, shimo likabaki pale linanitazama. Nikamwambia twende Karatu leo. Akasema haendi. Kule alilala siku zote zile anatazama ukuta, hapa angalau anatazama barabara. Mama Safari amesimama mlangoni, na safari hii hana neno hata moja. Hapo ndipo niliogopa.

Sikumwigizia Neema siku hiyo. Nilimpigia nikamwambia kwa sauti yangu: "Njoo. Anasema hakujui. Njoo akujue."

Akaja kwa bodaboda. Kijana alimpitisha kwenye matope ya juu kule, namsikia kutoka mbali, "Sista shika fresh hapa kuna kautelezi kadogo!" na Sista, "Kadogo gani wewe mtoto unataka kuniua!" Akashuka ana tope mpaka kwenye nywele. Mzee Tluway akamtazama, mdomo ukacheza kidogo. Akasema kumbe ni mdogo hivi. Kwenye simu alidhani ni mtu mkubwa.

Akakaribishwa ndani. Neema anataka kumpima mara moja, mkono uko kwenye begi, nikamkanyaga mguu. Kaa kwanza. Mama Safari akafungua kabati la vioo. Mnalijua, kila nyumba lipo. Vile vikombe vyenye maua, na visahani vyake, ambavyo mwenye nyumba mwenyewe hajawahi kunywea tangu vinunuliwe. Akavifuta, akamwekea Neema kimoja, na mimi kimoja. Mzee akapewa bati lake la kila siku, lililobonyea.

Neema akatazama kikombe chake, akatazama bati la mzee. Kwao Rombo wana kabati hilo hilo. Akasema, "Mzee, mbona wewe hukupewa cha maua?"

Mzee akacheka kabisa. "Hivyo ni vya wageni, binti. Mimi nina changu."

Mimi na Neema tukatazamana. Nani alisema kwanza sijui, yeye anasema ni yeye na mimi nasema ni mimi. Hospitali, kwenye stoo, kulikuwa na mzani wa zamani wa mshale, mzito kama jiwe la kusagia. Haujui simu wala "ti". Unajua kilo tu. Kabla ya jua kuzama yule yule kijana wa bodaboda akauleta mgongoni, analalamika, "Sista, hii siyo abiria, hii ni adhabu."

Tukauweka sebuleni juu ya kile kitambaa cha kufuma. Ule wa mzee ukawekwa chumbani karibu na kitanda, kuku akafukuzwa. Nikamwambia mzee, "Huu wa mshale ni wa wageni. Ule ni wako, kama bati lako. Mgeni hanywei kwenye bati lako."

Akaufikiria… akaufikiria… "Ni sawa," akasema. "Lakini mimi nawapima asubuhi nikishajipima. Siyo nije kama mtu asiyejua hali yake."

Akaingia chumbani akapanda. "Ti." Sitini na sita. Neema akakaa pale pale kitandani kwa mzee na simu, akaongea na daktari, wakaongeza dawa ya maji, wakapanga kwamba kesho namba isiposhuka anapelekwa Karatu hata akiwa na kiti chake. Mzee akakubali. Alikuwa ameshamjua.

Na mimi nikavuka korongo. Nikasimama kwa mzee Sulle nikamwambia, kwa sauti ya Tluway, polepole: "Sulle… wameniletea mzani wa wageni… na sina mgeni." Akachukua fimbo yake kabla sijamaliza. Mwenyekiti nilimwambia kwamba kitongoji hakiwezi kuwa na mzani mpya usiozinduliwa na kiongozi. Wanakwaya walijileta.

Asubuhi yake sebule ilikuwa imejaa, nao wote wametulia wanatazama mlango wa chumba. Wanasikia miguu ya mzee, pole pole. Wanasikia kimya. "Ti." Mzee akatoka na shuka lake begani. "Sitini na tano."

Jamani, walipiga vigelegele. Kilo moja! Usiku kucha alikuwa anakwenda chooni, Mama Safari hajalala. Siku iliyofuata sitini na nne. Na ikawa hivyo, kila asubuhi kabla ya wao kupanda mshale wao lazima wasikie yake. Mzee Sulle alikuwa anafika kabla ya jogoo kumaliza. Siku moja namba ikagoma kushuka, Sulle akamsimamia mlangoni na fimbo: "Tluway! Jana umekula chumvi ya nani?" Mzee akanyamaza… akanyamaza zaidi… "Ya mwenyekiti. Alikuja na nyama choma." Mwenyekiti alipigwa maneno na kwaya nzima, sauti zote nne.

Alishuka mpaka sitini na moja yake, na yupo mpaka leo. Kuna wakati kilo zilipanda tena, Sulle akampigia Neema kabla yangu, simu yake ile ya tochi, anapiga kelele kana kwamba Karatu iko ng'ambo ya korongo. Alilazwa siku chache, na safari hiyo hakutazama ukuta, maana majirani walikuwa wanakwenda kwa zamu kumwambia mbuzi ana kilo ngapi.

Kwa hiyo mkienda mahali na mashine, kwanza tazameni vikombe. Mjue nani anakunywea nini. Halafu ndipo mfungue begi.

Siku ya kuaga kazi nilizunguka nyumba zote, kwa mzee Tluway nikaacha mwisho. Nilifika jioni, magoti yanalia. Mama Safari akanipa chai, nikaona siyo kikombe cha maua, ni bati. Nikasema labda vimevunjika. Nikanywa. Halafu nikasimama, kama kawaida ya nyumba ile, nikavua ndala nipande mzani wa mshale.

Mzee akaniwekea fimbo mbele. "Hapana."

"Baba, nimekosa nini?"

"Huo ni wa wageni." Akanyamaza… safari hii nilijua hajamaliza. "Wewe siyo mgeni. Panda ule wa ndani."

Nikamwambia, baba, yule Sista atapata wazimu. Akasema panda. Mama Safari akasema panda. Mzee Sulle, kwenye kona yake, akasema panda tuone. Nikaingia chumbani, nikapanda, machozi yananitoka na mimi nacheka. "Ti."

Sijashuka hata mguu mmoja, simu ya mzee ikaita kitandani. Nikaipokea mimi.

"Mzee Tluway shikamoo Neema hapa mbona kilo themanini na nane asubuhi ulikuwa sitini na moja umekula nini unahema vipi haya niambie!"

Nikakaa kimya… nikakaa kimya zaidi… halafu nikamjibu kwa sauti ya mzee, polepole:

"Binti… tulia. Leo siyo maji. Leo ni nyama."